Somo la Kwanza ni Kupisha

Nchi yenyewe hatuitaji jina. Ina bendera, ina wimbo, ina kiti kwenye mikutano ya mataifa, na wananchi wake wakisoma hapa watajitambua bila kuoneshwa kidole. Wakubwa wake hawasomi hadithi, kwa hiyo wewe na mimi tuko salama.

Katika nchi hiyo, mtu akitaka kujifunza udereva hapewi usukani. Hupewa kijitabu. Kinaitwa "Mambo ya Kutarajia Katika Somo la Kwanza", kina kurasa thelathini na mbili, na thelathini kati ya hizo ni picha za Baba Mlezi wa Taifa akipunga mkono dirishani mwa gari. Mbili zilizobaki zina maneno. "Mwanafunzi atarajie kukuta gari," kinasema. "Atarajie kuketi ndani yake kwa adabu. Asitarajie kwenda popote."

Nesi Mwasiti aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara tatu, amesimama langoni mwa Chuo cha Taifa cha Udereva na begi begani, akadhani mpiga chapa amekosea. Alikuwa mkunga wa miaka arobaini na mitatu, mtu wa vitendo, na bado aliamini kwamba mahali palipoandikwa udereva watu huendesha. Alikuwa na likizo ya siku ishirini na moja na hakutaka kupoteza hata moja.

Haraka yake ilikuwa na sababu, na lazima tuieleze vizuri, maana kuna watu wabaya wanaoeneza uvumi kwamba serikali haikupeleka gari la wagonjwa katika zahanati yake ya Mtakuja. Ilipeleka. Lilifika na matarumbeta, likiwa na sura ya Baba Mlezi kwenye milango yote, sura kubwa kiasi kwamba neno "wagonjwa" lilikosa nafasi likaandikwa chini karibu na bomba la moshi. Lilikuja na dereva wake kabisa, bwana mmoja mpole aitwaye Kiloko. Kiloko alifanya kazi miezi minne, akawahisha watu hospitalini, hakuna aliyefia njiani. Kisha ikaja barua kwamba anahitajika kwa majukumu ya kitaifa.

Majukumu yenyewe yalikuwa kuendesha gari la wagonjwa la nne katika msafara wa Baba Mlezi. La kwanza ni kwa ajili ya moyo wake, la pili tumbo, la tatu uchovu wa kupigiwa makofi, na la nne lipo endapo la tatu litaharibika. Kwa miaka miwili hakuna mgonjwa aliyewahi kulazwa ndani ya gari lolote kati ya hayo manne. Baba Mlezi, tunashukuru, ana afya ya chuma.

Gari la Mtakuja likabaki limefunikwa turubai nyuma ya ofisi ya Mtendaji wa kijiji.

Mwaka jana, siku za mavuno, mwanamke aitwaye Zaituni alishikwa na uchungu na mambo yakaenda kombo. Walimpakia kwenye toroli, wakamsukuma mpaka barabara ya lami kutafuta lifti, na huko wakamkuta askari amesimama katikati ya njia. Msafara ulikuwa unatarajiwa. Walisimamishwa mtaroni kwa saa mbili na nusu pamoja na watu wengine wote, mkono kifuani kama sheria inavyotaka. Mwasiti naye alisimama. Mkono wake mmoja ulikuwa kifuani na wa pili ulikuwa umeshika kiganja cha Zaituni, akihesabu mapigo ya moyo mpaka hakuwa tena na cha kuhesabu. Msafara ulipopita, Baba Mlezi alipunga mkono. Gazeti la serikali liliandika kwamba wananchi wa eneo lile walijitokeza kwa wingi.

Sasa mdogo wake Zaituni, Siwatu, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji, na daktari wa kliniki alikuwa ameandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu kwamba asithubutu kujifungulia zahanati. Mama yao, ambaye kijiji kizima kiliendelea kumwita Mama Zaituni, alikuja kwa Mwasiti asubuhi moja, akaketi kwenye benchi la wagonjwa bila kuvua kanga kichwani.

"Nesi, huyu ndiye niliyebaki naye," alisema. "Toroli sipandishi mtoto tena."

Basi Mwasiti akaenda kwa Mtendaji, Bwana Chambuso, kuomba ufunguo.

"Una leseni?" Chambuso aliuliza.

"Sina. Lakini kuendesha najua. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, nimeendesha tangu nina miaka kumi na minne."

"Sikuulizi kama unajua, Nesi. Nakuuliza leseni." Akaelekeza kidole ukutani, ambako ufunguo ulining'inia kwenye msumari chini ya picha ya Baba Mlezi. "Mali ya umma hiyo. Ikipata mkwaruzo nitajibu nini?"

Mkwaruzo wa Zaituni hakuna aliyewahi kuujibia. Mwasiti aliomba likizo, akafunga begi.

*

Uwanja wa Chuo ulikuwa na magari kumi na mawili yamepangwa mstari, yamepakwa rangi ya bendera, yanang'aa. Mwasiti alipofungua boneti la lile alilopangiwa alikuta ndani kuku ametamia mayai.

"Injini iko wapi?" aliuliza.

"Imeazimwa na msafara," alijibu Mkufunzi Mkuu Lukindo, mzee mnene mwenye kofia ya kijeshi na filimbi shingoni. "Injini zote kumi na mbili. Ni heshima kubwa kwa Chuo. Funga boneti, unamsumbua."

Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Lukindo aliwapanga kivulini, akapanda juu ya kreti la soda, akakohoa kidogo.

"Ndugu wanafunzi," alisema, "zipo nchi ambazo somo la kwanza la udereva ni kuwasha gari. Tazameni nchi hizo. Watu wanawasha tu, wanaondoka tu, kila mtu na njia yake. Vurugu. Sisi wataalamu wetu walikaa chini miaka sita, wakajiuliza: dereva ni nani? Wakapata jibu. Dereva ni mtu anayepisha. Kwa hiyo somo la kwanza, na msingi wa masomo yote, ni Kupisha."

Watu wakapiga makofi. Mwasiti alichelewa kidogo, mwanamke jirani yake akamgusa kiwiko, naye akapiga.

Hatua za Kupisha zilikuwa tisa. Mwanafunzi anasikia king'ora. Anatupa gari kushoto mpaka magurudumu mawili yaingie mtaroni. Anazima. Anashuka. Anageukia barabara. Anaweka mkono kifuani. Anatabasamu bila kuonesha meno, kwani meno ni ya wakati wa kampeni. Haangalii saa. Na ya tisa, iliyo kubwa kuliko zote, anabaki hapohapo mpaka vumbi litulie. Mtu mmoja alinyoosha mkono akauliza itakuwaje kwenye barabara ya lami, ambako vumbi halipo. Lukindo alifurahishwa sana na swali hilo. Alieleza kwamba kwenye lami mtu husubiri muda uleule ambao vumbi lingechukua kutulia kama lingekuwepo.

Mazoezi yalianza. Kwa kuwa magari hayakuwa na injini, wanafunzi watano walisukuma huku mmoja akishika usukani. Na kwa kuwa king'ora cha Chuo nacho kilikuwa kimeazimwa, Lukindo alikipiga kwa mdomo. Alipelekwa ng'ambo miezi sita kujifunza kukipiga, na kweli alikipiga vizuri, mashavu yamevimba, mpaka mbwa wa mjini wakamjibu. Gari linasukumwa, king'ora kinalia, usukani kushoto, mtaroni, chini, mkono kifuani. Kisha linasukumwa kurudi juu. Walifanya hivyo mara arobaini siku ya kwanza, mara hamsini siku ya pili. Siku ya tano Mwasiti alishtuka alipojikuta ameweka mkono kifuani kwenye foleni ya uji, kwa sababu tu mlango wa jikoni ulipiga kelele.

Alikwenda ofisini kwa Mkufunzi Mkuu.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kuwasha gari tunafundishwa lini?"

"Somo la saba."

"Na kwenda mbele?"

Lukindo alimtazama kwa huruma. "Mama, kwenda mbele ni kozi nyingine. Ina kibali chake, kinatoka makao makuu. Wewe una haraka gani?"

Mwasiti alimweleza. Alimweleza habari za Siwatu, kadi yenye wino mwekundu, gari lililofunikwa turubai. Alimweleza mpaka habari za Zaituni, ambazo hakuwa amemsimulia mtu tangu mwaka jana, na katikati akalazimika kuanza upya. Lukindo alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomuumiza Mwasiti zaidi baadaye alipolikumbuka. Aliguswa kabisa, akavua kofia.

"Pole sana," alisema. "Inasikitisha. Lakini umeona mwenyewe umuhimu wa somo hili? Huyo marehemu angepisha mapema, akashika nafasi nzuri ya mbele, pengine Baba Mlezi angemwona."

Mwasiti alitoka nje akasimama nyuma ya choo cha wanafunzi, ngumi amezikunja, mpaka filimbi ya mazoezi ilipolia.

Ikabaki mitihani. Somo la kwanza lilikuwa na mtihani wa vitendo, na mtihani huo haukuweza kufanyika bila msafara halisi kupita. Bahati nzuri, ulikuwa unakuja. Jumatatu ya wiki ya tatu, Baba Mlezi mwenyewe angefika Chuoni kuzindua Mtaro wa Kisasa wa Mafunzo, wenye urefu wa mita mia mbili, uliotandikwa marumaru nyeupe chini na kandokando, na taa kila baada ya hatua kumi. Wanafunzi waliusugua kwa sabuni siku nne. Mwasiti alisugua akiwa amepiga magoti, na akilini alikuwa akiona chumba cha kuzalishia cha Mtakuja, ambacho sakafu yake ni udongo, na ambacho aliomba saruji mifuko mitatu akajibiwa kwamba mwaka wa fedha umefungwa.

Jumamosi wanafunzi waliruhusiwa kwenda kuaga nyumbani. Walitakiwa kurudi Jumatatu saa nne kamili, wakiwa wameoga.

*

Siwatu alianza uchungu Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, siku tisa kabla ya wakati.

Mwasiti alimpima, akanawa mikono, akatoka moja kwa moja mpaka ofisi ya Mtendaji. Hakukimbia, maana kukimbia kungewatisha watu. Bwana Chambuso alikuwa anakunywa chai.

"Nahitaji ufunguo."

"Umefaulu?"

"Mtihani ni leo."

"Basi ukishafaulu uje, nitakuwepo mpaka saa tisa." Aliona uso wake, akaweka kikombe chini. "Nesi, usinitazame hivyo. Ipo fomu ya dharura. Ngoja niitafute. Inataka saini ya mkuu wa wilaya, lakini tunaweza kuianza."

Akainama kwenye droo. Mwasiti alipita nyuma ya meza, akaisogeza picha ya Baba Mlezi kwa kidole, akachukua ufunguo kwenye msumari. Picha ilibaki imekaa upande.

"Nitaandika," alisema Chambuso, bado ameinama, fomu mkononi. "Nesi, nakwambia nitaandika."

"Andika."

Gari liliwaka mara moja. Betri ilikuwa nzima na mafuta yalikuwemo, kwa kuwa Bwana Chambuso alikuwa analiwasha kila siku ili kuchaji simu yake. Miaka miwili gari lile lilinguruma nyuma ya ofisi kila asubuhi, na kijiji kizima kililisikia, na Zaituni alipokuwa anapakiwa kwenye toroli nadhani naye alilisikia.

Walimlaza Siwatu nyuma, Mama Zaituni akaketi chini kando yake. Mwasiti alikanyaga klachi, akaingiza gea, na mikono yake ikakumbuka trekta la baba. Aliendesha vizuri. Kwenye njia ya udongo aliyakwepa mashimo yote, akipunguza kila aliposikia Siwatu anaugulia, na ndani ya nusu saa walikuwa kwenye lami. Hospitali ya mkoa ilikuwa mbele, kilomita thelathini, barabara imenyooka, nyeupe kwa jua, tupu kabisa.

Utupu huo ungemshtua kama asingekuwa anasikiliza nyuma.

King'ora kilitokea mgongoni. Na kabla hajafikiri lolote, kabla moyo haujadunda mara mbili, mikono ya Mwasiti ilizungusha usukani kushoto. Magurudumu mawili yakaingia mtaroni. Akazima. Akashuka. Akageukia barabara, akaweka mkono kifuani, na midomo ikajipanga yenyewe bila kuonesha meno. Hatua saba bila kosa. Lukindo angetoa machozi.

Mtaroni walikuwepo wengine: waendesha baiskeli, mwenye mkokoteni wa mkaa, lori la ng'ombe. Wote mkono kifuani. Askari mmoja kijana alikuwa anapita akikagua mstari. Alifika kwenye gari la wagonjwa, akasikia sauti ya Siwatu, akachungulia dirishani.

"Ana nini?"

"Anajifungua. Ana mshono wa zamani, unaweza kupasuka. Niruhusu nipite, afande."

"Haiwezekani, mama. Msafara huo unaingia." Alisema bila ukali. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akaongeza, "Mwambie apunguze sauti."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mama Zaituni hakushuka. Alitoa kichwa tu, kanga imeteleza, akamtazama Mwasiti aliyesimama pale na mkono kifuani.

"Mwanangu," alisema, "umesimama tena."

Mwasiti aliutazama mkono wake. Ulikuwa kifuani kweli, vidole vimebana pamoja, kama alivyofundishwa mara hamsini kwa siku. Ndipo hasira ilipomjia, hasira ya mwaka mzima, na sehemu kubwa yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Aliuteremsha mkono kwa nguvu kama mtu anayemnyang'anya mtu kitu.

Pikipiki ziliwapita. Likapita gari la kiti cha Baba Mlezi, kisha gari la kiti cha akiba. Likapita gari la mwavuli. Likapita gari la kipaza sauti, maana vipaza sauti vya watu wengine haviaminiki. Yakapita magari meusi tisa yanayofanana, na katika moja, haijulikani lipi, mkono ulikuwa unapunga. Kisha magari ya wagonjwa yakaanza. La moyo, tupu. La tumbo, tupu, kitanda kimetandikwa shuka jeupe lisilo na mkunjo. La uchovu, tupu.

La nne lilikuwa linaendeshwa na Kiloko. Kioo kilikuwa chini na alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Aliliona gari lake la zamani mtaroni, lile alilokuwa akiliosha kila Ijumaa, akamwona Nesi Mwasiti amekwisharudi kwenye usukani, akaiona na ile kanga mlangoni. Akaacha kutafuna.

Kiloko hakuwa shujaa, na hatutamsingizia ushujaa. Aliondoa tu mguu kwenye mafuta. Gari la Mkuu wa Mkoa lililofuata likapiga breki na honi kwa pamoja, Kiloko akakanyaga mafuta tena, na nafasi ya urefu wa gari moja ikafunguka mgongoni kwake. Mwasiti alikuwa amekwishawasha. Alitoka mtaroni kwa gea ya kwanza, tope likiruka nyuma, akaingia kwenye nafasi ile.

Askari kijana aliona gari la wagonjwa lenye sura ya Baba Mlezi kwenye kila mlango likiingia kwenye msafara. Akapiga saluti.

*

Kilomita kumi na nane zilipita hivyo, kwa kasi ambayo zahanati ya Mtakuja haijawahi kuiona. Njia panda ya Chuo, msafara ulikata kulia, pikipiki, viti, mwavuli, magari meusi, la moyo, la tumbo, la uchovu, na Kiloko. Mwasiti alinyoosha mbele.

Nyuma yake yalikuwepo magari thelathini na tatu: Mkuu wa Mkoa, wakuu wa idara, kamati ya maandalizi, waandishi wa habari, na lori la bendi. Katika nchi hiyo aliye nyuma haulizi aliye mbele anaenda wapi. Wote thelathini na tatu wakanyoosha.

Pale Chuoni, Baba Mlezi alishuka mbele ya Mtaro wa Kisasa bila bendi, bila viongozi, bila kamera hata moja. Walikuwepo Lukindo na wanafunzi thelathini, mkono kifuani. Inasemekana alikata utepe kimyakimya, akachungulia kwenye marumaru, akauliza, "Wako wapi?" Lukindo, kwa kukosa la kusema, alipiga king'ora kwa mdomo.

Hospitali ya mkoa ilipoona vumbi la magari thelathini na nne getini, ilijua kwamba siku ya ukaguzi wa kushtukiza imefika. Hapo ndipo mtu angepaswa kuwepo aone. Jenereta iliyoharibika tangu mwaka juzi iliwaka. Maji yalitoka kwenye bomba. Glavu ambazo hazikuwepo zilishushwa kutoka juu ya kabati, maboksi kwa maboksi. Damu ilipatikana. Daktari wa upasuaji, aliyekuwa kwenye semina ya siku nne, alitokea chumba cha pili akiwa amevaa tayari. Bendi, kwa kuwa ilikuwa imefika na watu wanatazama, ikapiga. Mkuu wa Mkoa alijikuta mbele ya kamera akisema kwamba serikali yake haina mzaha na afya ya mama na mtoto, huku macho yake yakimtafuta Baba Mlezi kila upande.

Siwatu aliingizwa chumba cha upasuaji ndani ya dakika kumi na mbili. Mtoto alitoka mzima, wa kike, kilo tatu kasoro. Mshono wa zamani ulikuwa umeanza kuachia. Daktari alimwambia Mwasiti koridoni, kwa sauti ya chini, kwamba nusu saa zaidi wasingekuwa wanazungumza haya.

Mwasiti aliketi sakafuni akalia. Alilia kwa furaha kidogo. Zaidi alilia kwa kuona kwamba vyote vilikuwepo. Glavu zilikuwepo, maji yalikuwepo, damu ilikuwepo, siku zote, vikingoja mtu wa kupungiwa mkono.

Jioni jenereta ikazimwa.

*

Tume ya Kuchunguza Msafara Uliopotea ilikuwa na wajumbe saba na ilikaa kwenye ukumbi wa Chuo. Kiloko alihojiwa kwanza kwa nini alipunguza mwendo. Alijibu kwamba aliona gari lake. Wakamhamishia kwenye gari la mwavuli, ambalo lina ulinzi zaidi. Bwana Chambuso alileta fomu ya dharura, imejazwa vizuri, ikikosa saini moja tu. Lukindo alitoa ushahidi kwamba mwanafunzi huyo alikuwa hodari kupita wote, na kwamba kwa maelezo ya askari alitimiza hatua saba kwa ukamilifu. Alianguka kwenye ya tisa. Alitoka mtaroni kabla vumbi halijatulia.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nesi Mwasiti, hatukuonei. Swali ni jepesi na liko kwenye kijitabu. Mwanafunzi akisikia king'ora anatakiwa afanye nini?"

"Asimame."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vumbi litulie."

"Vizuri. Unajua somo lako. Sasa ieleze Tume, kwa nini hukusimama?"

Mwasiti aligeuka akatazama nyuma ya ukumbi. Mama Zaituni alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho, mjukuu mapajani, amefungwa kwenye kanga ileile.

"Nilisimama mwaka jana," alisema.

Karani aliinua kalamu akauliza kama hilo nalo liandikwe. Mwenyekiti alitazama dari. Lukindo akaitazama kofia yake. Kalamu ikakaa hewani. Kule nyuma mtoto alianza kulia, akalia kwa nguvu zake zote, na safari hii hakuna aliyemwambia apunguze sauti.